Kilo Kumi na Moja

Dirisha la ghorofa ya tisa limeota manyoya ya barafu.
Nje ni nyuzi thelathini chini ya sifuri,
na moshi wa makaa ya mawe kutoka mitaa ya mahema
umeishusha mbingu ya Ulaanbaatar hadi juu ya paa za magari.
Redio imesema watoto wasitoke.
Haya, hatutoki.
Nimekunja zulia, nimesukuma meza ukutani,
nimekuvua viatu vyako vya manyoya. Tuanze.

Zamani nilikuwa Uyanga wa mkanda wa kahawia,
niliyewabwaga wasichana wa mikoa mitatu
kabla hawajamaliza kuniinamia.
Sasa nikipiga chafya nabana mapaja.
Mwaka jana daktari aliniambia, akifunga uzi wa mwisho:
usinyanyue kitu kizito.
Nikamuuliza, na huyu?
Akakutazama, akatazama saa yake, akaenda zake.

Wasemao mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi
hawakukosea, ila usufi haupigi mateke.
Kilo kumi na moja, pamoja na nepi.
Nakukumbatia kifuani, nachuchumaa: moja.
Unanivuta sikio. Mbili.
Tatu, umegundua hereni.
Nne sikuimaliza; hereni imo kinywani mwako
na kidole changu kinaifuata.

Nalala kifudifudi, viganja chini, nijisukume juu,
nawe, Tuguldur, unatambaa chini ya daraja la mwili wangu
kama treni la mizigo liendalo mpakani,
kisha unasimama katikati, pasipo na kituo.
Nikishuka nakutana na paji la uso lenye uji.
Nabusu. Napanda. Nashuka. Nabusu uji mwingine.
"Tena," unasema.
Una maneno matatu duniani: maziwa, mbwa, tena.
La tatu ndilo linaloniua.

Baba yako yuko mgodini kusini, siku kumi na nne.
Anayepiga simu ni bibi yako,
uso umejaa kioo, kidevu kikitangulia:
"Mkwe, mbona unamtikisa mjukuu wangu kama kiriba?"
Namwambia ni mazoezi.
"Mazoezi," anasema, akilionja neno
kama chai iliyosahauliwa chumvi.
Ananyamaza.
"Kiangazi kile mumeo alipoanza kutambaa
nilisukasuka maziwa ya farasi mara elfu tatu kwa siku,
yeye nimemfunga kamba kiunoni asifike kwenye jiko.
Hakuna aliyenihesabia."
Anakunja mkono wa joho, ananionyesha msuli,
mdogo, mgumu, wa rangi ya udongo.
Simu inakatika msuli ukiwa umeganda kiooni.

Wewe umeona kijiko sakafuni.
Umechuchumaa, mgongo wima, visigino chini, magoti nje,
umekiokota, umesimama bila kushika kitu.
Hakuna aliyekufundisha.
Mimi nililipia miaka sita kujua hivyo,
na kocha wangu, mwenye masikio yaliyovimba kama andazi,
alikuwa akinizaba kwa mkanda nilipokosea.
"Rudia," nakwambia.
Hurudii. Unakwenda kukitia kijiko kwenye kiatu.

Ya tisa inanishinda. Naanguka chali, hoi bin taabani,
jasho likinichirizikia masikioni.
Nawe waja, hubishi hodi, unalaza kichwa tumboni,
palepale penye mshono.
Navuta pumzi: unapanda.
Naishusha: unashuka.
Kichwa kizito, jamani. Navuta nyingine.
Mabomba ya joto yanagonga ukutani,
jirani anakohoa, anakohoa, ananyamaza.
Hizi sijui ni za ngapi,
na uji jikoni umeanza kunukia kuungua.